Nyumba ya Sheikh Hilal Haina Mtu

Kadii, mjane wa kijiji cha Ganda, alipofika Malindi na mzigo wake wa kuni, Sheikh Hilal alikuwa barazani kwake akinywa kahawa na kuwafafanulia watu mkataba wa Sultani na Waingereza. Hakuna aliyeujua mkataba ule kama yeye. Makadhi wa pwani walikuwa wamesoma sheria kwake, na jambo lolote la utawala likizuka, mji mzima ulimngoja aseme ndipo ujue unafikiri nini.

Kadii hakuja kusikiliza. Alikuja kumtazama, kwa sababu alimchukia. Mahakama ya ardhi ilipotaka kujua shamba la Ganda ni la nani, Kadii aliwaonyesha kaburi la Baya, mumewe, na makaburi ya baba zake Baya, kila moja na kigango chake, lile gogo la kuchongwa analosimamishiwa marehemu. Sheikh akaitwa atoe rai. Akasema, kwa upole mwingi, kwamba maiti hakai popote, na shamba lililolazwa msimu mzima lipumzike ni ardhi isiyo na mtu. Ardhi isiyo na mtu ikawa ya serikali, na serikali ikampa bwana mmoja alime pamba.

Maiti walisikia.

Walikuja siku ya Ijumaa, Sheikh akiwa msikitini anahutubu. Walitembea kutoka Ganda, kila mmoja na kigango chake begani, wakabisha hodi. Zeina, mke wa Sheikh, akawakaribisha maji na kuwauliza watakaa siku ngapi.

"Sisi hatukai, mama," Baya akamjibu. "Mumeo keshasema."

Wakasimika vigango vyao ukumbini. Baya akajilaza kwenye samadari ya Sheikh na udongo wake miguuni. Baadaye wakaja maiti wa Jilore na wa Mida, ambao mashamba yao yalikwenda kwa rai ile ile, na Zeina akahamia kwa dada yake. Sheikh akawa anasomesha uani, karibu na mbuzi, na kulala barazani.

Kadii alipopata habari alicheka mpaka akaketi chini. Tangu hapo akawa anapitisha kuni zake mtaa ule, ingawa ulimzungusha, amwone Sheikh akikung'uta mkeka wake. Aliona raha, wala hakuionea haya.

Sheikh alishtaki. Hakimu, Mzungu mwenye mafua, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa rai yako mwenyewe, Sheikh, maiti hakai popote. Basi nyumbani kwako hamna mtu. Nimfukuze nani?"

Sheikh akainamisha kichwa. Hoja ilikuwa safi, naye alipenda hoja safi. Ila tangu siku hiyo hakuthubutu kwenda mbali na baraza, asije akaambiwa nyumba ni ya serikali.

Alasiri moja Kadii alitua kuni zake mbele yake. Hakumwamkia.

"Sema mbele ya watu kwamba ulikosea. Nirudishiwe shamba langu, nao watarudi kwao leo hii."

Sheikh alifikiri kwa muda mrefu, na kwa haki, kama alivyofikiri kila jambo.

"Nikiwa nimekosea Ganda, bibi, nimekosea pwani nzima. Nani ataniuliza tena neno?"

"Basi lala na umande wako."

"Nitalala nao," Sheikh akasema, akawageukia wasikilizaji wake. Walikuwa wengi kuliko zamani.

Kadii akaingia ndani kumjulia hali mumewe. Baya alikuwa amenenepa kidogo.

"Mahindi yetu vipi mwaka huu?"

"Hakuna mahindi. Ni pamba."

"Anavuna nani?"

"Mimi," Kadii akasema. "Kwa ujira."

Baya akamsogezea mto apumzike. Kadii akasema msimamizi hapendi wachelewaji, akamfunika miguu, akatoka.