Zangu Ninazo

"Njoo uitazame kompyuta yangu," Mama aliniambia kwenye simu. "Kaka yako amegoma kuzungumza."

Kaka tulikuwa tumeshamzika. Mama alimaanisha sauti zake alizomrekodia. Macho yake yalipoanza kufifia na magazeti kumshinda, kaka ndiye aliyekuwa akimsomea. Alijifungia chumbani na laptopu yake, akajirekodi akisoma habari, barua za wasomaji, hata matangazo ya vitanda vilivyotumika, huku akiwatania walioyaandika. Mama alisikiliza sebuleni, kwenye kompyuta yake, akishona. Kaka alimwekea alama kubwa ya njano kwenye pembe ya skrini, aipate hata bila miwani. Baada ya msiba, Mama aliendelea kuibonyeza kila asubuhi kabla ya kugusa cherehani.

Nilimkuta ameketi mbele ya skrini, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Inasema nini?"

"Inasema haioni njia, Mama."

"Basi tumekutana vipofu wawili!" Alicheka. "Mtandao wenu huu una maringo kuliko bibi harusi. Ubembeleze, mwanangu."

Nilianza na yaliyo mepesi. Nikazima kisanduku cha intaneti, nikakiwasha tena. Taa zote zikarudi, lakini ujumbe ukawa uleule. Ndipo nikatazama ile alama ilikuwa ikielekea wapi. Sauti hazikuwa kwenye kompyuta ya Mama, wala hazijawahi kuwamo. Alama ilikuwa mlango tu, na chumba chenyewe kilikuwa kwenye laptopu ya kaka, ambayo sasa ilikuwa ya mjane wake.

"Wifi," nikaita, "laptopu imewashwa?"

Alitoka chumbani ameikumbatia. "Imewashwa. Ila fundi aliisafisha juzi, akaweka kila kitu upya. Ilikuwa inakwama mno, na mimi nimeanza masomo."

"Akasafisha yote?"

"Nilimwuliza Mama kwanza."

"Kweli, aliniuliza," Mama akadakia, kama anayemtetea. "Mkwe wangu ana adabu. Nikamwambia safisha tu, zangu ninazo."

Nikaipokea ile laptopu mikononi mwake.

"Vitu vya muhimu fundi alivihifadhi," wifi akaongeza. "Alivirudisha vyote."

Hapo nikapata pa kushika. Nikaweka laptopu mezani, kando ya kompyuta ya Mama. Baada ya kuwekwa upya, mashine ile ilikuwa inautazama mtandao wa nyumbani kama mtandao wa mkahawa, imejificha isionwe na mtu. Nikaiambia iko nyumbani. Nikaiwashia ruhusa ya kushiriki mafaili, nikalirudisha jina lake la zamani. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unaruhusiwa kunyamaza.

Jina la kaka likatokea kwenye skrini ya Mama.

"Huyo!" Mama akasema. Hakuweza kulisoma, lakini aliona kitu kimeongezeka. Akavaa spika zake za masikioni, akanyoosha mgongo, akafumba macho.

Nikafungua. Vyeti vya kaka vilikuwepo. Picha za harusi zilikuwepo, na masomo ya wifi. Nikatafuta kila pembe. Folda ya sauti kaka alikuwa ameiweka peke yake, mbali na kazi zake, isije ikachanganyika. Fundi hakuiona.

Nikampigia. "Dada yangu, niliuliza kama kuna kingine," alisema kwa upole. "Nikaambiwa hakuna. Na diski yote nimeshaandika juu yake, cha zamani hakirudi tena."

Mama bado alikuwa amefumba macho, anangoja. Nilimvua spika taratibu.

"Mama, hazipo."

"Hazipo wapi?"

"Popote. Zilikuwa kwenye laptopu."

"Lakini nilikuwa nazisikia hapa." Akagonga kompyuta yake. "Hapahapa."

"Zilikuwa zinapita tu, Mama."

Alizungusha utepe kidoleni. Wifi alipiga magoti mbele yake. "Mama, mimi ndiye niliyemwambia fundi hakuna."

"Na wewe ulitumwa na nani? Inuka, mwanangu. Sakafu ina baridi."

Hakulia. Aliuliza tu, "Ile ya kitanda ilianzaje?"

Wifi alifuta pua. Akajaribu, kwa sauti nzito ya kuigiza: "'Mama, sikia huyu! Anauza kitanda, anasema hakina kelele...'"

"Sivyo." Mama alitikisa kichwa. "Hakusema hivyo. Alianza na neno jingine, halafu akacheka, halafu ndiyo akasema..."

Tulingoja. Aliinua kidole, kama mtu anayeomba asikatizwe, midomo imeachana tayari kwa neno. Kidole kikabaki hewani.