Rafu za Shangazi

Kwa miaka sita Mnong'ono alipanga dawa za dukani vile alivyofundishwa na shangazi yake, mwenye duka. Shangazi alikuwa na swali moja tu: "Inamfanya nini mtu?" Zinazolaza zilikaa chini, penye kivuli. Zinazochangamsha zilikaa juu karibu na dirisha. Za kutuliza maumivu zilikaa usawa wa mkono, kwa kuwa anayeumwa hana subira. Mnong'ono, msichana aliyeishia darasa la tano, akayashika yote kichwani, huku Shangazi akimcheka, "Sema kwa sauti, mwanangu! Au unaviogopa hata vidonge?"

Kabati la kufuli ndilo Shangazi hakulifundisha. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga, na Mnong'ono akaamini siku zote kwamba vya mle vilifungiwa kwa kuwa ni ghali.

Kisha macho ya Shangazi yakaingia ukungu, akahamia mbali kwa mwanawe, na duka likachukuliwa na mfamasia kijana. Wiki ya kwanza tu, Mnong'ono alifungua katoni, akaitoa dawa ya kikohozi iliyopaswa kufungiwa, akaipanga nje na dawa nyingine za kikohozi. Bei yake ilikuwa ndogo. Kabatini ingefuata nini?

Mfamasia alipoiona alishika kichwa. "Dada, unataka nifungwe? Hii, sheria imeiweka kundi moja na za kulevya! Ukikosea tena, basi, tutaagana."

Tangu hapo alifanya kazi roho mkononi. Rafu zikapangwa upya: za kuuzwa kwa cheti cha daktari huku, zisizohitaji cheti kule. Kila akipangusa vumbi, mkono wake ulienda wenyewe kwenye mpango wa zamani, na harufu ya mafuta ya karafuu ya Shangazi ikamjia puani kama vile yupo nyuma yake.

Jumamosi moja foleni ilifika mlangoni. Dereva wa lori, macho mekundu, akapiga chafya mara tatu.

"Dokta, nipe kitu cha mafua haya, nimeacha gari linanguruma."

Mfamasia alichukua kidonge kwenye rafu ya zisizohitaji cheti, akamkabidhi, akamgeukia mteja mwingine. Sheria haikuvunjwa popote. Lakini Mnong'ono alikijua kile kidonge: kilikuwa cha chini, penye kivuli.

Akisema, atakuwa amemsahihisha mwajiri wake mbele za watu. Akinyamaza, yule ataondoka nacho barabarani.

"Kinalaza," alinong'ona.

"Unasemaje?" dereva akauliza.

"Kinalaza hicho! Utasinzia kwenye usukani!"

Duka zima likageuka. Bibi mmoja akasema, "Kumbe ana sauti huyu!" Mfamasia alikitazama kidonge, akamtazama dereva, akakichukua polepole na kumpa kingine kisichosinzisha. "Samahani, kaka. Sikukuuliza kazi yako."

Foleni ilipoisha, Mnong'ono alianza kukunja aproni yake. Alijua kinachofuata.

"Unaenda wapi? Nani alikufundisha?"

"Shangazi."

"Na za kabatini, alikufundisha?"

"Hapana. Nilidhani ni za bei mbaya."

Mfamasia alicheka mpaka akaegemea meza. Kisha akafungua kufuli, akaitoa ile dawa ya kikohozi. "Haya, mwalimu. Inamfanya nini mtu?"

"Inatuliza kikohozi. Inalaza." Akakumbuka kwamba Shangazi aliwahi kumfukuza kijana aliyerudi kila siku kuiomba. "Na mtu akiizoea, inamshika."

"Hapo pa kumshika ndipo sheria ilipoingilia. Vaa aproni, tuendelee na inayofuata."

Mnong'ono akaivaa. Alitamani Shangazi angekuwepo, akae kwenye kile kiti cha pembeni, asikie.