Beseni la Bonge

Bonge, paka wa fundi cherehani, alikuwa mkubwa kuliko beseni lake la choo. Akijikunja humo, nusu ya makalio ilibaki nje. Hakuwahi kukanyaga barabara. Dunia yake ilikuwa sebule, chumba cha kushonea na dirisha la jikoni. Juzi alikojolea suruali ya mteja. Jana akakojolea kitambaa cha sare za wauguzi, ambacho hata mkasi haujakigusa.

"Kikilowa kingine, anakwenda kwa dada," alisema mume wa fundi, seremala, kwa sauti ya mtu anayetamani apingwe.

Dada huyo, wifi yake fundi, alikuwa na ghala la nafaka lililojaa panya.

"Anayemkimbia kombamwiko ndiye akalinde ghala?" fundi aliuliza. "Panya watamwitia kikao."

Alicheka, lakini roho haikutulia. Daktari wa mifugo alikuwa amempima Bonge, akakuta figo na kibofu vizima. "Tatizo si paka, mama," alimwambia. "Ni choo chake."

Basi fundi akachagua mchanga wa paka kama anavyochagua kitambaa: akauchota, akausugua kwa vidole, akautazama kwenye mwanga. Ule wenye harufu ya maua aliusifu sana. Bonge aliunusa, akapiga chafya, akaondoka mkia juu. Zikafuata punje za mbao zilizoshindiliwa, ambazo seremala alizileta kwa mbwembwe. Mkononi zilikuwa nyororo, hazina vumbi. Bonge alitia mguu mmoja, akautikisa kama aliyekanyaga kaa la moto, kisha akaelekea kwenye rundo la vitambaa na kuanza kuchutama.

Fundi alimwahi, akamnyanyua kwa mikono miwili.

"Mzigo gani huu!" alihema. "Unanivunja kiuno, mwanangu, halafu bado unadeka."

Uzito ule ndio uliomfumbua macho. Alimweka chini, akavua kandambili, akasimama ndani ya beseni miguu mitupu. Punje zilimchoma nyayo hadi akakunja uso. Vidole vyake vilimdanganya, kwa kuwa havikubeba mwili wowote.

Seremala alimkuta papo hapo.

"Mke wangu, choo cha watu kiko kule."

"Nyamaza. Vua viatu, uje upime."

Alivua, akapanda, akaruka nje. "Lo! Na nilivyozisifia!"

"Wateja wote nawapima mwilini," fundi alisema, "huyu nikampima kwa kidole gumba."

Siku hiyo hiyo alinunua udongo mkavu uliosagwa laini, usio na manukato, ambao huganda ukilowa. Seremala alichukua beseni pana la kufulia, akakata ukingo wa mbele ili Bonge aingie bila kuruka, akaulainisha kwa msasa. Wakaumwaga mchanga hadi ukawa na kina cha kutosha kufukuliwa.

Kesho yake asubuhi wifi alibisha hodi, tenga mkononi.

"Nimemfuata paka. Kaka alinipigia simu juzi."

Seremala akatazama dari. Fundi akamtazama seremala.

Kabla mtu hajasema neno, Bonge alishuka dirishani. Alilizunguka beseni lile jipya, akaingia, akageuka mwili mzima bila kugusa ukingo. Akafukua hadi mchanga ukaruka kwenye viatu vya wifi. Akachutama, macho nusu yamefumbwa. Watu wazima watatu walimkodolea macho kama wanaosubiri hukumu mahakamani. Alipomaliza alifukia, akanusa, akafukia tena, kisha akajiendea zake.

"Kumbe ana adabu hivi!" wifi alisema. "Mliponiambia mchafu nilikuja kuwasaidia tu. Sasa namtaka kweli."

"Pole, wifi. Nunua mitego."

"Mchoyo wewe!"

"Tena sana."

Fundi alijibu bila hata kugeuka. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya beseni na kijiko cha matundu, akipekua mchanga taratibu. Alipolipata lile donge lililolowa, aliliinua kwenye mwanga, akatabasamu.