Utani wa Upande Mmoja

Kitu cha kwanza nilichokigundua kilikuwa chumvi. Nilikuwa siwezi tena kuonja mchuzi wangu mwenyewe. Naonja, naona sawa, halafu naona labda si sawa, naongeza, nazimua kwa maji, mwisho nachukua kijiko nakwenda kugonga kwa Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, anayebaki na mwanangu nikiwa kazini.

"Nionjee."

"Mzuri," anasema. Kila siku mzuri. Mpaka siku moja akakishika kile kijiko, akaniangalia. "Wewe, ulimi wako umempangisha nani?"

Nilicheka. Niliporudi jikoni nikasimama mbele ya sufuria na kicheko kikaisha. Kabla sijaolewa nilikuwa napika kwa kunusa tu.

Mume wangu ni fundi wa mafriji, na mtaani hakuna asiyempenda. Ana maneno, ana vichekesho, mpaka mwenye friji bovu anasahau kwamba limebaki bovu. Mimi maneno sina. Niliacha shule darasa la nne, mama alipougua na mdogo wangu akahitaji mtu wa kumbeba, na tangu hapo nikiwa mbele za watu sauti yangu hukimbilia tumboni. Haya nilimwambia mwenyewe tulipokuwa wachumba. Nilimpa kama mtu anavyompa mwenzake kitu amtunzie.

Harusi haijapoa, akaanza kuniita La Nne.

"La Nne, leta maji." "Jamani, msimpe La Nne gazeti, atalishika miguu juu." Wageni wanacheka, na mimi nacheka. Nikikaa kimya anasema, "Natania tu. Huyu mke wangu utani haujui." Leo anasema mchuzi una chumvi. Kesho mchuzi huohuo hauna chumvi. Nikimwambia jana ulisema hivi, anasema sikusema, kichwa chako hicho kinavuja.

Lakini hajawahi kunipiga. Hilo nilikuwa najiambia kila nikitandika kitanda.

Kazini kwetu ni kwa dobi. Mimi napiga pasi. Mwenye kazi tunamwita Mama Pasi, na anayefua ni mzee mmoja asiye na unywele hata wa dawa, tunamwita Kipara. Siku moja Kipara alichukua shati nililolimaliza, akalining'iniza juu.

"Hili umelipiga pasi au umelilalia?"

"Samahani," nikasema, nikalivuta nilirudie.

Akaliachia. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mbona samahani, binti yangu? Nakutania. Nijibu bwana, usinifanye nionekane mkorofi."

"Mjibu," akasema Mama Pasi kutoka kwenye meza yake. "Utani ni mpira. Ukipigiwa, unarudisha. Mmoja akipiga tu na mwenzake anapokea tu, huo si mpira tena, ni kurushiwa mawe."

Walikuwa wananingoja. Nikasema kwa sauti ndogo, "Afadhali langu lina mikunjo. Kuna vitu humu vimenyooka mpaka vinang'aa."

Kipara akajishika kichwa, akapiga kelele kama aliyeumwa na nyuki, akanipa mkono. Mama Pasi alicheka mpaka akatafuta leso. Jioni nilitembea kwenda nyumbani mikono yangu ikiwa miepesi.

Jumapili ile alikuja rafiki wa mume wangu. Nilipoleta chai mume wangu akasema, "Ngoja tucheke. La Nne, sita mara saba?"

"Arobaini na mbili," nikasema. Na sijui nilipata wapi moyo, nikaongeza, "Na friji la Mama Pacha umelitengeneza mara saba, mbona bado linachemsha maziwa?"

Rafiki yake alimwaga chai. Alicheka mpaka machozi. Mume wangu naye alicheka, kwa meno. Alimsindikiza mgeni, akarudi, akafunga mlango polepole sana.

Hakusema neno. Kesho yake pia, na wiki yote. Sahani yangu aliichukua kila jioni, akaimwaga kwenye ndoo ya taka bila kuonja, akaosha mikono. Simu yangu akaichukua, eti aitengeneze. Ilikuwa haijaharibika.

Aliyevunja kimya ni mwanangu. Hajafika miaka mitatu, maneno ndiyo kwanza yanamwota mdomoni. Alikuja jikoni akanivuta nguo. "La Nne, baba anataka maji."

Nikachuchumaa. "Mimi ni nani?"

"La Nne," akasema, akacheka, maana huwa tunacheka.

Baba yake alikuwa mlangoni. Alimbeba akambusu kichwani. "Umemwona? Mtoto ana akili kumzidi mama yake." Halafu akaniambia kwa upole uleule wa kufunga mlango: "Siku ukinifanya nichekwe tena mbele za watu, huyu atahamia kwa bibi yake, kwa mama yangu, na wewe utamsahau sura." Akambusu tena mtoto. "Natania."

Kesho yake nilimpigia mama kwa simu ya Mama Pasi.

"Amekupiga?" mama akauliza.

"Hapana."

"Ana mwanamke nje?"

"Sijui. Hapana."

"Sasa unalia nini, mwanangu? Mvumilivu hula mbivu."

Nilitaka kumwambia nimevumilia mpaka mbivu zimeoza mtini. Lakini ni mama yangu, nikasema ndiyo mama.

Mama Pasi alikuwa amesikia. Alikuja akasimama karibu nami, akashika gauni jeupe nililokuwa sijaligusa. "Hili limemwagikiwa soda. Unaona doa?"

"Sioni."

"Pitisha pasi."

Nilipitisha. Doa likajitokeza, la kahawia, kubwa kama kiganja. Mimi hilo nalijua, kila mpiga pasi analijua. Ila siku hiyo nililitazama mpaka akaniondolea pasi mkononi, kitambaa kisiungue.

"Kesho usimwache mtoto kwa jirani, mchukue kama vile unakuja naye kazini," akasema. "Tutapita mahali."

Ilikuwa ofisi ya ustawi wa jamii, chumba cha mwisho kwenye korido, pazia limefungwa fundo ili upepo uingie. Afisa alikuwa dada wa rika langu, ana mafua, anaomba radhi kila akipenga. Mama Pasi alibaki nje kwenye benchi. Mwanangu alikuwa mapajani kwangu anachezea kifungo cha blauzi yangu.

Nilisema kwanza kile nilichozoea kusema: hajanipiga, sina alama yoyote, labda nawapotezea muda. Halafu nikamweleza yote: jina aliloniita, simu, na alichosema kuhusu mtoto.

"Hujatupotezea muda," akasema. "Kumdhalilisha mtu kila siku, kumnyang'anya simu, kumtishia kumchukulia mtoto, huo ni ukatili, hata asipokugusa. Na mtoto hachukuliwi kwa mtu kusema tu nitamchukua. Tuna mahali pa kulala wewe na yeye, leo hii ukitaka. Hatutampigia mumeo simu, na hatutakuamulia. Utaamua wewe."

Nilitamani angeniamulia. Nilifikiria sufuria zangu, na kitanda nilichokitandika asubuhi, na mwanaume niliyempa siri yangu akiwa bado anashika mkono wangu barabarani. Huyo nilimpenda. Nadhani huyo ndiye niliyekuwa namlilia.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema yule dada. "Unamwogopa mume wako?"

Siku zote watu wakiniuliza habari zake, huwa nasema namheshimu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Mwanangu akaniinulia uso, akitaka kuona kama sasa ndiyo tunacheka.

"Namwogopa," nikasema. "Namwogopa sana. Nikicheka pale nyumbani, dada, siyo kwamba nacheka. Huwa naogopa."