Kompyuta ya Mjomba Ilinyamaza

Kwenye duka la fotokopi alikofanya kazi walimwita Fundi, na jina hilo lilikuwa limemkaa kichwani kuliko ujuzi wenyewe. Kwa hiyo mjomba wake, ambaye macho yalimpotea ukubwani, alipolalamika kwamba kompyuta ya nyumbani inajikokota, binti huyo alivuta kiti bila hata kuvua viatu.

Mjomba alikaa kando na chai yake. Kila Fundi alipogusa kitu, sauti ya kompyuta ilikisoma mbiombio, maneno yakipandana, mpaka ikamkera.

"Ngoja niinyamazishe kidogo, Mjomba. Inanichanganya."

Akafungua mahali panapoonyesha programu za chinichini, zile zinazojiwasha zenyewe bila kuitwa na mtu. Nyingi alizijua. Moja ilikuwa na jina la herufi tupu zisizounda neno, na ilikula kumbukumbu ya mashine kama mali isiyo na mwenyewe. Akaizuia isijiwashe tena, akarudisha sauti, akaizima kompyuta.

"Kesho itakimbia mpaka uishangae," alisema. Mjomba akamshukuru, akamsifu, naye akavimba kichwa.

Programu ile ndiyo iliyokuwa ikimsomea Mjomba skrini.

Kesho yake Fundi alirudi kutoka kazini akamkuta Mjomba amekaa mbele ya kompyuta inayowaka, mikono mapajani. Alikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kusikiliza mahojiano na kuyachapa, kazi yake ya kwanza tangu apofuke, na mchana huo alitakiwa kutuma sehemu ya mwisho.

"Imekuwa bubu tangu asubuhi," alisema. "Nimebonyeza mpaka vidole vimechoka. Sijui nimegusa nini."

"Si ungenipigia, Mjomba?"

"Ulikuwa kazini, mama. Nikawapigia wale wa kazi. Nimewaambia nimeiharibu mashine kwa mikono yangu mwenyewe, wamtafute mtu mwenye macho."

Fundi aliikumbuka ile programu ya jana. Akainama, akabofya mara mbili tu, na ile sauti ikarudi kana kwamba haikuwa imeondoka. Ikasoma ujumbe uliokuwa umeingia: asante kwa kutuambia mapema, kazi tumeshampa mwingine.

Mjomba aliusikiliza hadi mwisho. "Angalau imepona," akasema. "Mikono yako ina baraka, wewe."

Hapo angeweza kumeza mate na kwenda zake jikoni. Hakuna ambaye angejua. Lakini sifa ile ilimuuma kuliko tusi, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mjomba, hukugusa kitu. Ni mimi. Jana niliizuia programu inayokusomea. Sikujua ni ya nini."

"Kumbe nimewadanganya watu," alisema Mjomba.

"Nitawapigia sasa hivi, niwaeleze."

"Uwaeleze ili wamnyang'anye huyo waliyempa? Hapana." Akageuza uso kumwelekea. "Hukujua ni ya nini. Na mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Hapa hapa."

"Na mdomo wa kujibu ninao."

Machozi yalimtoka Fundi, naye akashukuru kwamba hayaonekani, kisha akajichukia kwa shukrani hiyo.

Mjomba akasogeza kiti mbele, akanyoosha mikono yote miwili juu ya vitufe.

"Nishike vidole, uniwekee penyewe pa kuiwashia hiyo programu," alisema. "Nataka niijue mwenyewe, ili siku nyingine usinisaidie."