Masega ya Shangazi Zlatina

Miti ya akasia ilikuwa imeshachanua maua milimani juu ya Karlovo, na maua hayo hayamsubiri mtu: siku kumi tu, yamekwisha. Mizinga kumi na minane ya nyuki ya Zlatina Karabelova ilikuwa bado bondeni, kwa sababu gari lake la kuivuta, lililozaliwa kabla padri wa sasa hajabatizwa, lilikuwa limekataliwa kwenye ukaguzi. Moshi. Bila stika mpya, askari wa kwenye kona ya kupandia mlima angemrudisha kabla hajabadili gia.

Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa ameketi juu ya tairi kwenye karakana ya jirani yake Stamen, akimkazia macho kama paka aliyeona mlango wa stoo ya jibini uko wazi.

"Shangazi, nenda nyumbani ukapumzike. Gari nitalipeleka ukaguzi mwenyewe."

"Nipumzike nimefanya nini?"

"Basi kanywe kahawa."

"Mbona unataka niondoke?"

"Kwa sababu unanitazama!"

"Asiye na la kuficha anaogopa macho?"

Stamen akaenda kupiga simu nyuma ya karakana. Zlatina si mtu wa kudukua mambo ya watu. Alisogea tu dirishani apate upepo.

"Masega ya shangazi yamekufa," fundi alikuwa akinong'ona. "Nayatoa leo. Namwekea ya Kiro kwa siku moja, halafu nayarudisha. Hapana, asijue, yule ana mdomo."

Zlatina akaziba mdomo kwa kiganja. Kiro! Mwaka jana nyuki wa Kiro, mfuga nyuki mwenzake, walioza kwa ugonjwa, daktari wa mifugo akaamuru mizinga yote ichomwe. Kumbe hakuchoma yote! Sega moja tu la wagonjwa likiingia kwa wazima, umekwisha. Na mizinga ya Zlatina iko nyuma ya ukuta huu huu.

Akaaga kwamba anakwenda kunywa kahawa. Akaifungua mizinga mmoja mmoja, akanusa kila sega, akadungwa na nyuki sikioni na kidoleni. Hakuona kitu, na huko kutoona ndiko kulikomtisha: mwizi mjinga huacha alama, lakini Stamen alimaliza chuo cha ufundi akiwa wa kwanza.

Aliporudi karakana, gari halipo. Akakwea baiskeli.

Kwenye kituo cha ukaguzi alilikuta juu ya shimo, mrija wa mashine umechomekwa kwenye ekzosi, mkaguzi anasoma tarakimu. Kando walisimama Stamen na Kiro, wanacheka kama wako harusini.

"Simamisha!" Zlatina akapaza sauti. "Mkaguzi, mwanangu, hawa wezi! Huyu kanitolea masega yangu akaniwekea ya huyu!"

Kicheko kikakatika. Mkaguzi akamtazama, kisha akatupia jicho kamera ya ukutani, ile inayopeleka picha na sauti mpaka makao makuu Sofia.

"Masega gani, mama?"

Kiro akawa mweupe kama mtindi. Macho ya Stamen yakateremka polepole hadi uvunguni mwa gari, na ya Zlatina yakayafuata. Pale, katikati ya ekzosi kuukuu iliyojaa kutu, palikuwa na mkebe unaong'aa, nati zake hazijaonja vumbi. Kichujio cha moshi, kilichotolewa kwenye gari la Kiro. Ndani kina vitundu vitundu, na mafundi wote wa Karlovo hukiita masega.

"Nimeuliza, masega gani?"

"Ya nyuki, mwanangu," akasema Zlatina, na Mungu ni shahidi, hakudanganya. "Nyuki wa Kiro waliugua. Kwani wewe ulidhani yapi?"

Mkaguzi akalitazama sikio lake lililovimba. Akawatazama wale mabwana wawili. Nyuma, magari kumi na moja yakapiga honi.

"Moshi ni safi," akaiambia kamera. Kisha, kwa sauti ya chini: "Safi mno." Akabandika stika.

Walirudi wote watatu ndani ya gari la Zlatina, baiskeli ikiwa nyuma.

"Shangazi, nusura utuue," Stamen akasema.

"Masega yangu yako wapi?"

"Karakana, kwenye boksi. Kesho narudisha ya Kiro, nafunga yako."

"Kesho? Huyo askari wa kwenye kona ana pua. Ya Kiro hayatoki humu mpaka mizinga yangu ifike juu, maua yaishe, nirudi nayo."

"Siku kumi!" Kiro akaruka kitini. "Na gari langu linanguruma kama trekta!"

"Tembea kwa miguu," akasema Zlatina. "Na lile boksi, Stamen, naondoka nalo leo. Siwaamini."