Mtani wa Kocha Sadru

Kocha Sadru alikufa Jumanne asubuhi akipaka siagi kwenye mkate, na kufika mchana nusu ya Etobicoke, mtaa wetu huku ughaibuni kwenye baridi, ilikuwa inalia. Msishangae. Mtu aliyechukua watoto wa maghorofani kwetu, ambao wazazi wao barafu waliijua ya kwenye soda tu, akawafanya mabingwa wa hoki ya kwenye barafu, huyo akiondoka ghafla lazima watu walie. Hata timu tulizozifunga zilileta maua.

Na kuteleza kwenyewe alikuwa hajui! Kocha mzima, jina kubwa, anaingia kwenye barafu na viatu vya mvua, hatua fupi fupi, makalio nyuma, mikono imepanuka kama bata aliyekosea njia. Ila akishafika katikati akapiga filimbi, hata golikipa wa wageni anasimama wima.

Mimi naitwa Willy. Naendesha mashine ya kulainisha barafu hapo uwanjani, kazi ya muda tu mpaka nimalize chuo, na chuo chenyewe nadhani kimeshanisahau. Kwetu Maneromango, Mzaramo halisi. Siku Sadru aliposikia hivyo alinikamata shati.

"Mzaramo? Mtani wangu! Mimi Mnyamwezi."

Nikamtazama. Mhindi, miwani ya dhahabu, koti refu la bei mbaya.

"Mnyamwezi wa wapi, mzee?"

"Wa Tabora. Babu kazaliwa dukani, baba dukani, mimi dukani."

"Mnyamwezi gani? Wenzio walibeba mizigo mpaka pwani, wewe hata begi la timu unabebewa!"

Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Tangu hapo hatukupeana nafasi. Yeye ananipigia kelele, "We Mzaramo, unalainisha barafu au unacheza mdundiko?" Mimi namzungushia mashine akiwa katikati ya uwanja, hana pa kupita, anatukana Kinyamwezi. Wazazi wa Kizungu walidhani tunachukiana.

Siku moja tu alisema bila kucheka. "Willy, nikitangulia, uje unifanyie utani. Usipokuja nitaagwa kama mgeni. Tabora niliitwa mgeni, hapa nimeitwa mgeni. Ya tatu sitaki."

Kwa asiyejua: kwetu msiba una mtani. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, analala kaburini na kuzuia maziko mpaka wafiwa wampe chochote. Hakasirikiwi. Asipotokea, ndiyo aibu, maana marehemu hakuwa na watu.

Mazishi yalifuata dini yao, yana utaratibu wake, nikakaa nyuma kimya kama kinyago. Ikabaki siku ya kumuaga uwanjani, kabla ya mechi ya heshima. Ikipita hiyo, basi, Sadru kaondoka mgeni.

Tatizo likawa Ashif, mwanaye, wakili. Anasikia Kiswahili chote ila anajibu Kiingereza. Alinifuata kwenye mashine asubuhi ile akaniambia leo ni siku ya heshima, mama yake hajala vizuri tangu Jumanne, na nikileta ujinga wangu nitafute kazi nyingine.

"Ashif, ni utani. Baba yako kaniachia mwenyewe."

"No," akasema, akaondoka.

Jepchirchir, Mkenya anayeuza kahawa pale mlangoni, alisikia yote. "Aki Willy, usijaribu. Kwetu ukicheza hivyo matangani unachapwa."

"Kwetu nisipocheza ndiyo nachapwa."

"Na nani? Marehemu?"

Nikanunua kahawa.

Uwanja ulijaa. Timu mbili zimejipanga, zulia limetandikwa hadi katikati, na pembeni ya zulia amekaa Mama Gulnar, mjane, na gauni lake jeupe. Ashif ndiye angeangusha kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira, mechi ianze. Kwanza akasoma hotuba. Nidhamu. Maono. Uongozi. Nikasikiliza mpaka mwisho nikimtafuta Sadru humo ndani, sikumwona. Alikuwa anaagwa mtu mwingine kabisa, mtu wa benki hivi.

Koti la mzee walikuwa wamelitundika kwenye benchi la timu. Nikalivaa. Nikaingia kwenye barafu: hatua fupi, makalio nyuma, mikono imepanuka.

Uwanja ukanyamaza. Si kimya cha heshima. Kimya cha mtu aliyeona nyoka chooni.

"Mnacheza hoki au mnasubiri basi?" nikafoka kwa sauti ya Sadru. Beki mmoja akaguna, akajifanya anakohoa. Nikafika katikati, nikajilaza chali juu ya ile alama ya kuanzia mechi. "Mechi haianzi! Mnyamwezi wangu haondoki bure! Nipeni changu!"

Ashif alibadilika rangi. Nikaona anawapungia walinzi mkono, nikaona na kazi yangu inapaa. Barafu ikaanza kunipenya mgongoni. Hapo Mama Gulnar akasimama, kipaza sauti kiko karibu naye, kila mtu anasikia.

"We Mzaramo!"

"Naam, Mama Ashif."

"Umekosea."

"Nimekosea nini, mama?"

"Makalio. Alikuwa anayapeleka kushoto. Nimetembea nyuma ya yale makalio tangu Tabora, utayajua wewe?"

Akakunja gauni kidogo, akatembea juu ya zulia: hatua fupi, mikono imepanuka, makalio kushoto. Alikuwa Sadru mtupu. Kule juu wazazi wa Kikongo wakaelewa kwanza, vigelegele vikalia. Wachezaji wakafuata, wanajishikilia kwenye magongo yao. Wazungu wakacheka mwisho, hawajui wanacheka nini, lakini wanacheka.

"Sasa nilipwe," nikasema kutoka chini.

"Nani akulipe? Umeigiza vibaya! Ashif, shika mguu wa huyu."

Ashif alibaki na karatasi yake mkononi. "Mom..."

"Mguu! Mtani wa baba yako haondolewi na mlinzi. Anaondolewa na mwenye msiba."

Akaiweka karatasi mfukoni. Akashika mguu mmoja, mama yake akashika mwingine, wakaanza kuniburuza.

"Naonewa!" nikapiga kelele. "Watu wa Tabora wananiua!"

"Vuta, mwanangu, huyu anapenda kulia!"

Ashif akavuta kwa hasira, viatu vya ofisini vikateleza, puu, akaniangukia kifuani. Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Alilishika koti la baba yake kwa mikono miwili, uso kaufukia humo, mabega yanatikisika, na mimi niliyekuwa chini yake nawaambia kweli sikujua kama ni kicheko au kilio. Nadhani na yeye hakujua. Nikamwekea mkono mgongoni, nikatulia.

Refa akatazama saa.

Mama Gulnar akamtazama refa.

Refa akaacha kutazama saa.